Simu Yako Bado Imo Kwenye Orodha

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila shikamoo.

Waifai ya nyumbani imesumbua tangu matanga yako. Ndiyo, nyumba ya fundi wa mtandao. Kijiji kizima hapa Bongwe kinatucheka. Ningelipuuza, ila dada Riziki amejifungua huko Nakuru, siku kumi baada ya sisi kukuzika. Ni mtoto wa kiume, amepewa jina lako. Mama yumo edani, hawezi kwenda kumwona, basi kila alasiri hujaribu kumwona kwenye simu. Uso wa mtoto unakuja, unaganda, unakatika. Mama anabaki akiita jina lako mbele ya kioo kilichozima. Mimi nikiwa jikoni huisikia sauti hiyo, na sijui anamwita nani.

Nikafanya ulivyonifundisha. "Kwanza tazama nyumbani, Mejumaa, ndipo upigie kampuni." Nilizima ruta, nikangoja kidogo, nikawasha. Nikaitoa nyuma ya friji, wanawake walikoisukuma wakitandika mikeka ya matanga. Nikachomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta yako, kasi ikawa nzuri kabisa. Basi mtandao ulikuwa unafika, ila ulikuwa ukiliwa hewani. Nikafungua orodha ya waliounganishwa na kukuta simu ishirini na sita.

Mama ndiye aliyegawa neno la siri. Kila aliyekuja kutupa pole akauliza, aliambiwa. "Mtu amekuja kunizikia mume wangu, nimnyime waifai?" Pole zimekwisha, waifai hawajaiacha. Jirani wa nyuma anatazama tamthilia za Kituruki kutwa, na fundi baiskeli amehamishia kiti chake ukutani kwetu. Nilicheka peke yangu, Baba, mara ya kwanza tangu uondoke.

Kisha nikaiona ya kumi na saba: Simu ya Mzee. Imeunganishwa. Inapokea.

Niliketi chini. Simu yako tuliitafuta wiki nzima, tukasema imepotea katika pilikapilika za mazishi. Nilifikiri mambo ambayo ungenikaripia kwa kuyafikiri. Nikapita chumba hadi chumba nikikuita moyoni, mpaka kwa Mama. Ilikuwa chini ya mto wake, inachajiwa. Namba ya kuifungua haijui, hakuna aijuaye. Bando la laini yako liliisha kitambo, kwa hivyo inaishi kwa waifai yetu tu. Lakini rafiki zako wa kule Bodo bado wanatuma salamu za Ijumaa kwenye kundi, na zikiingia simu inatetemeka na kuwaka. "Ikitetemeka," aliniambia, "naona kama yuaitwa kazini."

Unaijua dawa. Nilijaribu kuwafungia wageni mmoja mmoja. Kufikia jioni wengine walishaingia, neno la siri limeshafika stendi ya bodaboda. Hakuna ila kulibadilisha. Na nikilibadilisha, simu yako inatoka pamoja nao, na wewe hupo wa kuifungua uandike jipya.

Siku tatu nilishindwa. Nilimwambia Mama bado ninapima. Uongo. Nilikuwa naifungua ile orodha kukutazama wewe.

Siku ya nne mtoto aliganda tena, kinywa wazi, na Mama akasema tu, "Mejumaa, badilisha." Akaitoa simu yako chini ya mto, akaishika mapajani kwa mikono miwili.

Nikabadilisha. Orodha ikafutika yote, ikarudi simu ya Mama peke yake, niliyoiandikia neno jipya. Riziki akapiga. Mtoto akaja mzima, akapiga chafya, akalia, na kilio tukakisikia mpaka mwisho wake. Mama akamwita kwa jina lako, na safari hii kuna aliyegeuka. Simu yako mapajani pake ilikuwa kimya. Hakuna kati yetu aliyeitazama.

Nakuaga sasa, Baba. Mola akupe nafasi pana huko uliko. Nakuahidi Mama akitoka eda nitampeleka Nakuru mwenyewe, ambebe mjukuu wake. Orodha bado naifungua kila asubuhi, nahesabu, naona wewe humo. Hilo nalo nitaliacha. Si wiki hii, lakini nitaliacha.

Binti yako na mwanafunzi wako,
Mejumaa