Kiti cha Taraben Kwenye Mfumo

Jumatatu, 21 Julai 2025
Wiki imeanza vibaya. Rahul, mtoto wa mzee mwenye duka, kanipigia toka Mwanza kabla hata sijamaliza chai. Wenye ule mfumo wetu wa mauzo wamepandisha bei. Kila anayeutumia analipiwa leseni yake kwa mwezi, na kadi inayokatwa ni ya Rahul. Anasema tuko watano, yeye atalipia wanne. Mwisho Ijumaa. "Toa wa Muleba." Kirahisi tu, kama kuondoa kikombe mezani!

Wa Muleba ni Kemilembe. Bila leseni hauzi saruji, hauzi hata msumari. Duka la Muleba litafungwa, naye arudi kwao Kagoma akakae. Nyumba nzima kule inamtegemea yeye.

Na wa kubonyeza ni mimi. Ndiyo ukubwa wenyewe huo niliopewa kwenye mfumo.

Jumanne, 22 Julai
Siwezi kulisema kwa mtu, naliandika hapa. Watano ni hawa: mimi, Asif wa kaunta hapa Bukoba, Riyadhi wa ghalani, Kemilembe — na wa tano Rahul anadhani ni baba yake, mzee Rasiklal. Wala! Wa tano ni marehemu mama yake. Taraben. Mwaka wa pili huu hayupo.

Enzi zake mauzo ya kwanza ya siku hakuyagusa mtu mwingine. Wahindi wenyewe wanaita boni. Hata mteja awe na hela ya misumari mitatu, haondoki mikono mitupu, maana ndiye anayefungua siku. Taraben aliigusisha ile noti kwenye paji la uso ndipo akaiweka. Alipofariki, mzee akashika zamu. Kila asubuhi anaingia kwa akaunti ya mkewe, anaiandika boni kwa jina lake, anatoka. Basi. Kutwa nzima leseni imelala.

"Rahul asijue," aliniambia. "Atasema nimezeeka." Nikaahidi.

Sasa nikamwambie nini? Mzee, mtoe mkeo? Ulimi huo sina.

Jumatano, 23 Julai
Nimepata akili! Nimemzima Kemilembe kwenye mfumo kwa majaribio, nikampa nenosiri la Asif. Mmoja Muleba, mmoja Bukoba, nani atajua?

Mfumo umejua. Akiingia huyu, unamtupa nje yule. Asif alikuwa anamhesabia padri mmoja wa Kanazi mabati ya kanisa — nje! Anaingia tena, na Kemilembe kule anatupwa. Asubuhi nzima wanatupana hivyo, kila mmoja analaumu mtandao. Asif anaipiga kompyuta makofi. Kemilembe ananipigia, anamlilia mama kwa Kihaya: "Mawe! Dada Shamsa, kitu hiki kinanikataa waitu, na watu wa kahawa wamejaa hapa!" Padri akauliza kama tunataka aibariki mashine. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Mchana nikamwambia Kemilembe ukweli. Akasema polepole: kama anatolewa, basi nimwambie mapema, mtoto wake mkubwa yuko bweni, akamtoe kabla hawajamfukuza kwa ada. Hakunilaumu. Heri angenitukana.

Alhamisi, 24 Julai
Nimemwambia mzee. Nilisimama, maana ningekaa ningeghairi. Nilimaliza yote kwa pumzi moja, nikangoja anifokee.

Akauliza tu, Kemilembe ni yule anayefungua duka kabla ya majirani wote pale Muleba? Nikasema ndiye. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Halafu akacheka! Kicheko kabisa. Eti Taraben alikuwa haoni mtu amekaa bure ila atamtafutia kazi, na leo yeye ndiye amekalia kazi ya mwenzake. Akauliza leseni inaweza kupewa mtu mwingine? Nikasema inaweza, unabadili barua pepe na nenosiri.

"Basi badili mtu. Jina uliache."

Alhamdulillahi! Nimetoka mle mbio kwenda kwenye simu. Nilipompigia Kemilembe alipiga ukelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Ananishukuru kwa Kihaya: kasinge dada, kasinge waitu! Nimelia kidogo nyuma ya mapipa ya rangi. Asif kaniona, kanitania kwamba rangi inaniwasha macho. Mwache.

Ijumaa, 25 Julai
Imelipwa. Ankara imesoma wanne. Baada ya swala nimenunua sato, nimemla mzima peke yangu. Nimeshiba na nina amani.

Jumamosi, 26 Julai
Risiti za Muleba sasa zinatoka "Umehudumiwa na: Taraben". Wateja wameshaanza kumwita Kemilembe hivyo. Bibi mmoja kamuuliza ameolewa lini na Mhindi na mbona hakualikwa!

Mzee naye asubuhi alishika simu, akapiga Muleba. Umefungua? Nimefungua, tata (ndivyo Wahaya wanavyomwita baba). Umeuza nini? Nusu kilo ya misumari. Noti umeigusisha kwenye paji? Nimeigusisha. Akakata simu, akaagiza chai na maandazi ya watu wote. Hata Asif alikula bila neno.

Jumatatu, 4 Agosti
Ewe Mola! Nilisahau ripoti. Kila Jumatatu mfumo wenyewe unamtumia Rahul jina la aliyeuza kuliko wote wiki iliyopita. Siku zote ni Asif. Sasa watu wa Muleba wana hela ya kahawa, wananunua mabati.

Rahul kapiga saa kumi, sauti ya chini. "Shamsa. Kwa nini mama yangu ameongoza mauzo?"

Nikasema yote — boni, mzee, Kemilembe, jina. Nilisikia honi za magari ya Mwanza. Nikajua kazi ya Kemilembe imekwenda, na yangu inaifuata.

Akauliza, mzee alikuwa anaiandika hiyo boni kila siku? Kila siku, nikasema. Tangu lini? Tangu tulipofungua duka baada ya msiba. Akapumua kwa nguvu.

Huyu mtu toka mama yake afariki haongei na baba yake ila kupitia kwangu. Mwambie mzee hivi, mwambie mzee vile. Leo kasema, "Mpe simu."

Nimempa. Mzee kaishika kwa mikono miwili. Kigujarati kidogo kidogo, anapenga kamasi, wanaendelea. Asif anataka kufunga, nimemzuia kwa mkono. Riyadhi amekaa juu ya mifuko ya saruji, hataki kupitwa. Hakuna anayejua wanasema nini humo ndani.

Sasa hivi Kemilembe kampigia Asif. Mabati ya geji thelathini yanaisha Muleba, hayatafika mwisho wa wiki — aagize mengine au angoje?

Rahul hajasema neno juu ya Muleba. Nimesema aagize.