Usiuze Landrova Kabla Hujasomewa Haya

Al-Safa, Jeddah
Jumatano, mwaka 2017, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini zitakukuta umekaa nje na kikombe cha chai, wala si kitandani. Mama aliniambia kile kikohozi kilikurudia wakati wa kupalilia. Je, kimepoa? Unameza dawa kweli, au unazificha chini ya mto kama kawaida yako? Na macho, daktari alisema nini? Mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe. Nimenenepa kidogo kwa sababu ya wali wa kila siku, lakini utanitambua.

Najua utauliza kwa nini niandike barua siku hizi za simu. Ni kwa sababu wewe kwa simu hufai, Baba, nisamehe. Nikianza jambo unasema "sawa, sawa," halafu unampa Mama simu. Basi barua hii inaletwa na Nafula wa Kimilili, yule niliyesafiri naye tulipokuja. Mkataba wake umeisha, anaruka Ijumaa. Mama akusomee, na asiruke mstari hata mmoja, hata ukimwambia aruke.

Nimesikia unataka kuuza Landrova. Nimeambiwa mtu wa vyuma kuukuu amekuja kutoka Bungoma mara mbili, na anayemleta ni Baba mdogo. Tafadhali ngoja. Usimpe jibu kabla hujasikia yaliyonipata mwezi wa tatu. Sijamwambia mtu mwingine huko nyumbani, maana niliambiwa ninyamaze, lakini wewe lazima ujue.

Unakumbuka familia ninayoifanyia kazi ilihama kutoka hapa Jeddah kwenda Riyadh mwaka jana. Huku tumekuja wiki hii tu kwa sababu ya harusi. Bosi ni mtu mzuri, ila anajipenda sana akiwa kwenye usukani. Ana gari kubwa la gia za mkono, na kila Ijumaa anakwenda nalo mchangani kushindana na shemeji zake kupanda vilima vya mchanga. Sasa shule zilipofungwa, mtu akamtumia video ya theluji inaanguka katika mlima wa Lozi, kule Tabuk, kaskazini kabisa. Wee! Nyumba nzima ikapagawa. "Yalla, yalla, tukaone theluji!" Tulisafiri siku mbili: bosi, madam, binti yao Nura wa miaka sita, mimi, na Hajja, mama mzazi wa bosi, ambaye ana pumu lakini hakubali kuachwa nyuma.

Baba, mimi nilidhani theluji ni kama mvua ya mawe inayotuharibia mahindi. Sivyo. Inaanguka polepole, haina kelele hata kidogo, unashtukia tu mabega yako ni meupe. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nura alinitia donge la theluji shingoni, na mimi nikamlipa papo hapo.

Chini ya mlima watu walikuwa wengi, magari yamepangana kama siku ya soko Cheptais. Na familia za huku hazipendi wanawake wao wakae palipo na wanaume wageni. Lazima mtafute pahali penu pa kutandika zulia na kuchemsha kahawa, pasipo na jicho la mtu. Kwa hivyo bosi akaiacha njia ya watu wote akashika njia ya mawe inayopanda ubavuni mwa mlima. Tulikwenda mpaka tukapata bonde letu wenyewe. Tukala, tukapiga picha, na saa nane theluji ikaanza kuanguka tena, safari hii na upepo. Hajja akaanza kukohoa. Madam akasema halas, turudi.

Hapo ndipo nilipoona bosi anaharibu. Alifanya yote anayofanya mchangani. Alipunguza upepo wa tairi, sawa, hilo halina ubaya. Lakini mchangani ukitaka kutoka unakanyaga mafuta kwa nguvu, gari lipae. Yeye akakanyaga, tena kwenye mteremko! Gari likageuka ubavu, likateleza, gurudumu moja la nyuma likaingia mtaroni. Upande wa pili palikuwa na korongo. Nura alipiga kelele mpaka leo nazisikia. Bosi akaruka nje kwenda kuangalia, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Aliporudi kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba kama mandazi, na uso wake umepauka.

Tukakaa. Simu mafi mtandao, yaani hakuna, hata mstari mmoja. Ukungu unashuka, theluji inaongezeka, na Hajja anavuta pumzi kwa shida, ile dawa yake ya kupuliza inaelekea kwisha. Bosi akajaribu kuendesha kwa mkono mmoja, gari likasogea kidogo kuelekea korongoni, madam akamshika shati akilia. Baba, nilikuwa naogopa sana. Tungelala pale, yule mama asingefika asubuhi, hilo kila mtu alilijua.

Nikasema, "Bosi, mimi naweza kuendesha."

Aliendelea kuuvuta usukani kwa ule mkono mmoja. Nikarudia. Akageuka, akanitazama kana kwamba mbuzi amezungumza. "Wewe? Mwanamke haendeshi gari. Ni sheria. Na wewe ni wa jikoni." Na ni kweli, Baba, huku ni marufuku kabisa mwanamke kushika usukani. Na huyu ndiye kafili wangu, mdhamini aliyenileta; ikama yangu, kile kibali cha kukaa, na karatasi zangu zote ziko mkononi mwake. Akitaka anirudishe kesho, ananirudisha.

Aliyemjibu ni Hajja, na hewa yenyewe hana. Alisema, "Nilipokuwa msichana jangwani niliendesha pikapu ya baba yangu kuwapelekea kondoo maji. Nani alinikataza? Kondoo? Mpe msichana ufunguo." Bosi hawezi kumpinga mama yake. Akashuka.

Sikuingia kwenye gari upesi. Nilifanya ulivyonifundisha kwenye tope la Kaptama. Kwanza nilizunguka gari lote nikitazama. Nikachukua kamba za hema, nikazipitisha kwenye matundu ya rimu nikazizungusha tairi zote nne, fundo upande wa nje, mbali na breki. Vidole vilikufa ganzi, madam mwenyewe akapiga magoti akanishikia fundo, kanzu yake yote matope. Zulia zuri la kahawa nikalisukuma chini ya lile gurudumu la mtaroni. Na zulia lile lilikuwa la mahari ya madam.

Nikakaa kwenye usukani. Aibu ikanipata mara moja. Magari ya huku usukani uko kushoto, gia iko kulia, na mimi mkono wangu ulizoea Landrova. Nikakanyaga klachi, nikapeleka mkono wa kushoto kwenye gia, nikagonga mlango, nikabonyeza kidude, dirisha la Hajja likafunguka lote! Theluji ikamwingia usoni. Bosi akafunika macho kwa ule mkono mzima. Nikasema moyoni, Chemutai umekwisha. Kumbe Hajja anacheka huku anakohoa.

Nikalifunga dirisha. Nikaweka magurudumu manne, gia nzito, namba moja. Nikaachia klachi taratibu mpaka nikasikia gari linauma zulia, nikangoja, likatoka. Halafu nikashuka. Baba, sikugusa breki hata mara moja. Nilikuwa nakusikia sikioni, "Acha injini ikushike, wewe shika njia tu." Bosi aliyekaa kando alikuwa akikanyaga sakafu kwa mguu kila kona, anatafuta breki isiyokuwepo. Mara ya tatu nikamwambia, "Bosi, acha mguu upumzike." Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Alinitii. Tulichukua karibu saa mbili kushuka njia ambayo asubuhi tuliipanda kwa dakika ishirini.

Mita chache kabla ya lami, kwenye njia ya polisi, bosi akasema, "Halas. Simama. Toka." Nikarudi nyuma nikakaa na Nura. Akaendesha kwa mkono wa kushoto, na gia akawa anabadilisha madam, ambaye hajawahi kugusa gia maishani. Mimi nikawa nampigia hesabu kutoka nyuma: "Madam, klachi imekanyagwa, vuta sasa! Namba mbili!" Gari lilikuwa likikwaruza kwa uchungu. Kwenye kizuizi cha polisi askari aliangalia mkono wa bosi uliofungwa kwa mtandio wa mkewe, akatupa pole, akatupitisha. Hospitalini Hajja akatiwa hewa ya mashine, na asubuhi akaamka akiuliza kahawa.

Siku mbili bosi hakusema nami. Nilifungasha vitu vyangu kimya kimya nikijua narudishwa. Siku ya tatu, tukiwa tumefika Riyadh, aliniita sebuleni, madam yupo. Akasema nisimwambie mtu yeyote, shemeji zake watamcheka mpaka siku ya kiama. Nikasema sawa. Akasema mkataba ukiisha mwezi wa saba, karatasi zangu za kuondoka atazitia sahihi bila maneno. Nilitaka kulia. Halafu akauliza, "Nani alikufundisha?"

Nikasema, "Baba yangu."

Akauliza, "Na huko kwenu baba yako amekuruhusu kuendesha?"

Baba, niliokota vikombe vya kahawa nikarudi jikoni. Swali lake nimelibeba mpaka leo. Huku sheria ya nchi nzima inakataza, na nikaendesha, na mtu yuko hai. Huko kwetu hakuna sheria inayonikataza. Hakuna askari, hakuna hakimu. Ni wewe tu. Nilipokuomba nibebe abiria siku za soko ulisema watashuka wakiniona kwenye usukani. Landrova ukampa binamu yangu Kibet, ambaye hata kurudi nyuma hajui, akaitupa mtaroni mara tatu, na leo mnasema gari ndilo bovu. Iliniuma. Nilipanda ndege na uchungu huo na sikukuambia. Leo nimeusema na nimepumua.

Sasa mambo yako hivi. Mwezi wa saba narudi, hilo ni hakika kama Mungu akipenda. Mvua za huko zinakuwa bado zinanyesha, na watu wa juu mlimani watakuwa na kabichi zinazooza kwa kukosa gari la kupanda tope. Wewe macho yamechoka, lakini masikio unayo. Utakaa kando yangu usikie injini, uniambie inataka nini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wa vyuma kuukuu arudi kwao Bungoma. Na abiria wakitaka kushuka, washuke, mguu wanao. Watakaobaki nitawafikisha.

Nisalimie Mama, na umwambie asante kwa kusoma mpaka hapa bila kukohoa kohoa. Nisalimie Bibi mzaa Mama, na dada yangu mdogo Chepkwemoi, ajitahidi na hesabu. Msalimie na Baba mdogo, kwa heshima zote, ila umwambie aache kuleta wageni. Kibet naye msalimie, sina kinyongo naye, tope ndilo lilimshinda.

Nafula atangoja jibu lako, kisha atanipigia simu. Mwambie ndiyo, au mwambie hapana, nitalipokea vyovyote. Lakini kama ni hapana, Baba, basi mwambie pia ulinifundisha kwa nini.

Ni mimi mwanao,
Chemutai