Pikapu Iliyokuwa Ikikusikia

Mpendwa Shangazi,

Wiki iliyopita niliona tumbo la gitaa lako. Najua ulinikataza kugusa skrubu zake mpaka nimalize kidato cha nne, na mimi bado niko cha tatu, kwa hiyo naanza kwa kuomba radhi. Bisibisi sikuishika mimi. Nilishika tochi tu. Lakini macho yangu yaliona kila kitu, na tangu siku hiyo nimejaribu kuwaeleza watu watatu, wote wameitikia kwa adabu kisha wakaniuliza habari za shule. Wewe ungeelewa.

Unakumbuka siku uliyonionyesha sauti inakoingia? Nilikuwa darasa la tano. Ulikuwa umerudi kutoka ufukweni Kibirizi kugeuza dagaa wako, ukanawa mikono kwa limau mara mbili ili nyuzi zisinuke samaki, ukakaa kwenye kile kigoda chako kifupi na gitaa mapajani. Ulichomeka ile spika ndogo yenye kitambaa kilichotoboka. Nikakuuliza gitaa hili linasikia kwa wapi, maana halina tundu kubwa kama lile la katekista. Ukanionyesha pikapu, kile kipande chenye kifuniko cha chuma kinachokaa chini ya nyuzi. Ukasema ndani yake kuna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wangu, mizunguko maelfu kwa maelfu. Sikuamini. Ukachukua kijiti cha kiberiti ukakipitisha juu yake, spika ikanyamaza. Ukachukua msumari ukaupitisha vilevile, spika ikaguna.

"Hii haisikii sauti, mwanangu," ulisema. "Inasikia chuma kinachocheza."

Nilibaki na sentensi hiyo. Mwaka huu mwalimu wetu wa fizikia alipochora ubaoni sumaku na waya, akaeleza namna kimoja kikitikisika mbele ya kingine umeme unavyozaliwa, niliweka kalamu chini. Nilitamani kusimama niwaambie wenzangu kwamba somo hili mimi nilifundishwa Ujiji, na mwanamke anayeanika dagaa.

Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yananitia aibu mpaka leo.

Tangu tukuzike, gitaa lilikaa ukutani limefungwa kitenge chako cha kijani. Hakuna aliyelishusha. Kisha Mwalimu wa kwaya akaja nyumbani, akasema ibada ya kumbukumbu yako ya mwaka inakaribia, na wangependa ule wimbo wako wa mvua upigwe na mimi, kwa gitaa lako. Mama alikubali. Baba alitazama sakafu, kama afanyavyo kila jina lako linapotajwa. Unamjua kaka yako mdogo. Siku ya mazishi alibeba mchanga mwingi kuliko wote na hakusema neno, na mpaka wiki iliyopita alikuwa bado hajalisema.

Tulipokifungua kitenge, uzi wa kwanza ulikuwa umekatika kwa kutu. Baba hakuuliza mtu. Alikwenda kwenye boksi lake la kazi akarudi na mshipi wa kuvulia. Kwetu ni kitu gani hakijatengenezwa kwa mshipi, Shangazi? Kandambili zake, mkoba wangu wa shule, chandarua, hata miwani ya bibi ilikuwa na sikio la mshipi. Alichagua wenye unene uleule, akaufunga kwa fundo la wavuvi, akaukaza polepole huku ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Mimi nilimshikia ncha ya pili. Umeme ulikuwa umekatika, tukaujaribu hivyohivyo, ukalia vizuri tu. Baba akatikisa kichwa mara moja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametulia mbele ya kitu chako.

Kwenye mazoezi ya kwaya tulichomeka. Nyuzi tano zilisema, wa kwanza ukawa bubu. Na wimbo wako, unajua mwenyewe, unaanza kwenye uzi wa kwanza. Nilipiga tena na tena, kidole kinaona uzi unacheza, spika haina habari. Wale kaka wa besi wakaanza. Mmoja akasema mtoto wa Shangazi kaleta mtindo mpya, gitaa la kufunga na kusali. Mwalimu akawanyamazisha, akainama, akasikiliza, akatoa hukumu kwamba pikapu imekufa. Alisema si ajabu, ni ile ya bei nafuu, ajabu ni kwamba iliishi miaka yote hiyo. Wote wakaitikia, maana wote walijua uliinunua kwenye duka la redio pale mtaa wa Mwanga na hukuona haya kuisema bei yake. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini mimi nilikuwa nimelipakata gitaa, na nilihisi kama ni wewe unayesemwa.

Wanakwaya wakachanga, pikapu nzuri ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa treni. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba gitaa likikaa sawa kufikia Jumamosi, nitapiga. Lisipokaa sawa, wimbo wako utapigwa kwa kinanda, nami nitakaa na sauti ya kwanza kama kawaida. Nikaitikia sawa Mwalimu. Nilifika nyumbani nikiwa sijui nimepita njia gani.

Kwa hiyo Ijumaa baada ya shule nikalibeba gitaa hadi Mwanga, kwa Fundi Rama, yule mzee wa redio uliyekuwa ukimpelekea spika zako. Nilimwamkia, akalitambua gitaa, akauliza mimi ni nani wa marehemu, nikamwambia ni binti wa kaka yake. Akafuta meza kwa kitambaa kabla hajaliweka gitaa.

Laiti ungeiona ile pikapu mpya. Ilikuja kwenye kiboksi chenye sponji, nzito kama jiwe la ufukweni, haichezi, haigongi. Fundi alipoing'oa ile yako na kuinua kifuniko chake, ndipo nilipouona waya. Shangazi, ulisema kweli. Ni mwembamba kuliko unywele. Nilibana pumzi nisije nikaupeperusha. Kwenye ile yako mizunguko ilikuwa imepandana, imevimba upande mmoja, kama nyavu zilizokusanywa kwa haraka mvua inakuja. Kwenye mpya, kwa ule upenyo mdogo uliokuwa wazi, ulilala sambamba kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani kipya, na katikati yake paling'aa nta. Nikawaza kwamba yuko mtu mahali fulani duniani aliyeuzungusha, hanijui, na kazi yake imepanda treni kuja kunitafutia sauti.

Fundi akalehemu ile mpya, akafunga skrubu, akapiga nyuzi. Tano zikasema. Wa kwanza, bubu.

Nilisogeza tochi karibu zaidi. Fundi aliinama juu ya gitaa. Akachukua bisibisi yake yenye sumaku, akaigusisha uzi wa sita, ikanata. Wa tano, ikanata. Akaenda hivyo mpaka wa kwanza. Haikunata.

"Binti, uzi huu kafunga nani?"

"Baba."

"Anafanya kazi gani?"

"Anashona nyavu."

"Basi mwambie gitaa hili halivui migebuka."

Alicheka hadi wateja wa redio wakageuka. Mimi nilisimama pale na maneno yako yananirudia moja moja. Inasikia chuma kinachocheza. Mshipi ni nailoni, na nailoni si chuma. Ulinifundisha darasa la tano, nikafundishwa tena kidato cha tatu, kisha nikashika ncha ya mshipi kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu kwetu mshipi hutengeneza kila kitu. Pikapu yako haikuwa imekufa hata siku moja. Ilikuwa hai, inasubiri chuma.

Fundi akatoa uzi wa kweli kwenye kopo lake. Na kwa kuwa pikapu zote mbili zilikuwa hai, akasema tusiiachie bahati hiyo. Akafunga moja, nikapiga mwanzo wa wimbo wako, akafunga nyingine, nikapiga tena, gitaa lilelile, nyuzi zilezile, spika ileile.

Sitakudanganya, Shangazi. Ile mpya ni kitu kingine. Ni kama ziwa asubuhi ya kiangazi, unapochungulia kutoka kwenye mtumbwi ukahesabu mawe ya chini. Nilipopiga nyuzi sita kwa pamoja nilizisikia sita. Nilipopiga taratibu ilikuja taratibu, nilipokaza ilikaza, na nilipoacha palikuwa kimya kabisa. Ile yako inaunguruma hata kabla hujaigusa. Nyuzi zake zinasongamana kama akina mama kwenye mtumbwi wa kwanza wa dagaa, na zile nyembamba zinachoma kidogo masikioni. Nilijaribu kuipenda zaidi, sikuweza. Sauti ni sauti.

Kisha Fundi akagonga kifuniko cha ile yako kwa ukucha. Spika ikagonga. Akagonga ile mpya, kimya. Akaniambia kwamba za bei ya juu huchovywa kwenye nta ya moto ili waya na kila kipande kishikane, pasiwe na kitu cha kutikisika ila nyuzi. Hii yako haikuchovywa, na kifuniko chake kimelegea. Akaniambia niweke mdomo karibu niseme kwa nguvu. Nikataja jina langu. Likatoka kwenye spika, dogo, kama mtu anayeniita kutoka chumba cha pili.

"Ya bei inasikia ulichokusudia," Fundi alisema. "Hii inasikia na usichokusudia."

Ndipo nilipokukumbuka ukipiga. Ulikuwa ukiinama, kidevu karibu kiguse gitaa, na mdomo umefungwa unaimba kwa kuvuma. Hukuwa na kipaza sauti, hukukitaka, ulisema wewe ni mpigaji, si mwimbaji. Lakini nilipokuwa mdogo niliamini gitaa lako lina mtu ndani. Mama Neema wa Kibirizi alikuwa akisema hivyo pia, kwamba gitaa hili linavuma kama mtu, nanyi mkamcheka. Shangazi, alikuwa anasema kweli. Kifuniko ni chuma, kimelegea, na pumzi yako ilikuwa inakichezesha. Miaka yote hiyo, chini ya kila wimbo, ulikuwa unaingia humo na hukujua.

Nilikaa chini. Sijui jambo kubwa kuliko hilo nililowahi kulielewa. Waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa kwa haraka na mtu aliyechoka, nao ulikuwa ukikusikia.

Fundi alisema anaweza kuiyeyushia mshumaa aichovye, itaacha kupiga mluzi kwenye spika kubwa, itakuwa nusu ya ile nyingine kwa uzuri. Nikamwomba asifanye, nimuulize baba kwanza.

Jumamosi nilisimama mbele ya kwaya nikasema ukweli wote, kwamba pikapu haikufa, ni sisi tulioifungia mshipi. Niliogopa kwa sababu ya michango yao. Wale kaka wa besi walicheka, lakini safari hii nami nilicheka. Mwalimu aliishika pikapu yako kiganjani akaitazama kwa muda.

"Kumbe tulimsingizia marehemu," alisema.

Kisha akaniuliza mimi, mbele ya wote, kesho nataka kupiga na ipi. Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima kutoka Mwanga. Nikasema mpya. Kanisani ile yako ingepiga mluzi, na wimbo wako nilitaka usikike hadi mawe ya chini. Nikaomba tu nirudishiwe ya zamani. Akanipa.

Jumapili nilipiga. Akina mama wa Kibirizi walikuja na kanga mpya. Uzi wa kwanza ulipolia, kila nota ilikwenda peke yake hadi mlangoni ikarudi. Ubeti wa tatu nilikosea, na hilo nalo lilisikika wazi, pikapu nzuri haimfichi mtu. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alisimama mpaka mwisho.

Tulipokwisha kula mchana nilichomeka ile spika yako ndogo sebuleni, nikaunganisha pikapu ya zamani peke yake mezani, bila gitaa, kama Fundi alivyonielekeza. Nikamweleza baba kila kitu, mshipi, nta, kifuniko, jinsi ulivyokuwa ukivuma. Alisikiliza huku anasokota kipande cha uzi kati ya vidole.

"Kwa hiyo alikuwa anaingia humu?"

Nikasema ndiyo.

Akavua kofia yake. Akainama juu ya meza mpaka mdomo wake ukakaribia kile kifuniko.

"Shikamoo, dada," akasema.

Spika ikaisema baada yake, kwa udogo, kwa mbali. Hakuinuka mara moja. Alipoinuka alivaa kofia, akanitazama usoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu msiba.

"Mwambie fundi nta yake abaki nayo," akasema.

Sasa pikapu yako iko kwenye kabati la vyombo, imezungushiwa kile kitenge cha kijani, na gitaa liko kwangu. Ninafanya mazoezi kila siku baada ya shule. Nikimaliza kidato cha sita natamani kusomea umeme, nijifunze kuzungusha waya huo kwa mkono wangu. Mama ananiita, dagaa hawajageuzwa na jua linashuka. Naishia hapa, Shangazi, ila nikikosea ubeti wa tatu tena, usicheke sana.

Binti wa kaka yako,
mshika tochi