Macho ya Mama na Mkanda wa Mkononi

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga, asante kwa barua yako. Mpunga tumevuna, na dada yako amejifungua salama. Umeniuliza kwa nini nilimkatalia daktari kunipima presha. Mimi nilikwenda kwa ajili ya macho, si mkono. Lakini swali lako limenikumbusha mama yangu.

Enzi za Mwingereza mama alifinyanga vyungu hapa ziwani. Mistari myeupe aliyovichora ikaanza kupinda. Akamshuku wifi yake, yaani shangazi yangu, kwamba amemtilia kitu kwenye udongo. Nilikuwa msichana, nikaamini. Tukaacha kumsalimu.

Macho yalipozidi kufifia tukaenda hospitali ya misheni. Daktari alimmulika jichoni, kisha akamfunga mkanda mkononi na kuujaza upepo. Muuguzi akatufasiria: damu inasukuma kwa nguvu mno, mishipa ya nyuma ya jicho imevimba na inavuja. Apunguze chumvi, arudi kupimwa. Mama akauvuta mkono wake. Njiani akaniambia, "Nimempelekea macho, yeye anashika mkono. Kipofu ni yeye." Hatukurudi.

Vyungu vyake vya mwisho vilisifiwa hadi soko la Ipinda kwa mistari iliyonyooka. Mama alikuwa akifinyanga kwa kupapasa. Mistari ile aliichora shangazi.

Jumatatu nitamwachia yule daktari mkono aupime. Lakini nitamkazia macho mpaka amalize, maana bado naona.

Ni mimi, bibi yako