Siagi Ilikuja Lini?

Jumatano, Kinyangiri

Mwalimu mwenzangu Elia leo nimempata! Wiki nzima ananikera eti wakati ni vipande vipande, kama mlio wa saa ya ukutani aliyotuletea shuleni Bwana DC: tik, kisha tik, katikati hamna kitu.

Jioni nilikuwa natikisa kibuyu cha maziwa, nikihesabu kila mtikiso. Mama mkwe, ambaye nilishaanza kuamini hanipendi, akaniambia, "Acha kuhesabu, sikiliza." Mlio ukazidi kuwa mzito, nikafungua: siagi!

"Mama, siagi imekuja mtikiso wa ngapi?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu niolewe. "Haina mtikiso wake, mwanangu. Ilikuwa inakuja tu."

Inakuja tu! Kesho Elia atanitambua.

Na kile kicheko cha mama... kumbe nacho kilikuwa kinakuja siku zote hizi?