Povu Juu ya Bwawa

Jumatano, baada ya isha

Kumbe si sabuni, alhamdulillahi.

Siku tatu lile povu jeupe kwenye matawi juu ya bwawa limeninyima raha. Kamati yetu ya msitu imekataza kufua pale, sabuni inaua vyura. Nami nikamshutumu wifi yangu Somoe, tena kisimani, mbele za watu. Alijibu tu, "Wifi, mimi sijafua huko," akajitwika ndoo yake.

Leo mvua ilipokatika nikaenda kukagua. Povu limelegea, viluwiluwi wanadondoka majini mmoja mmoja. Vyura wenyewe ndio waliotaga humo! Bwawa ni zima.

Nikacheka peke yangu, halafu nikamkumbuka Somoe...

Jioni Somoe kaleta mihogo kama kawaida. Nikaipokea tu. Kesho nitamwomba radhi kisimani, mbele za watu walewale.