Mheshimiwa Amehamia Zizini

Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwenu kijijini, si kule mjini Nkuhungu tena. Nimekaa kwenye kigoda kando ya zizi la mama yako, karatasi juu ya goti, na mbele yangu amelala mbwa wako, Mheshimiwa, amejaa samadi ya mbuzi hadi masikioni. Ungemwona usingemjua. Mbwa uliyekuwa unamchovyea mkate kwenye chai kabla hujanywa mwenyewe, leo analala penye kinyesi na anaona sawa tu.

Nianze mwanzo, maana ulikuwa hupendi habari inayoanzia katikati. Baada ya kukuzika nilirudi mjini, nikidhani nitaendelea na kazi yangu ya kupiga chapa. Haikuchukua muda, ofisini wakaanza kupunguza watu, na jina langu likawemo. Neema yuko shule ya bweni, nyumba imekuwa kubwa, kodi hainihurumii. Mama yako akaniletea salamu kwamba kwa mume wangu ndiko kwangu, nije tulime na kufuga. Nikafunga vitu. Mheshimiwa nikampakia kwenye lori la mkaa lililokuwa linarudi Chamwino tupu, na njia nzima alisimama anatazama mbele kama mwenye gari. Nilicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu nilikusikia kabisa ukisema, "Huyu halindi nyumba, anahudhuria."

Sasa sikia matunda ya malezi yetu. Unawakumbuka mbuzi wa yule jirani yetu wa Kondoa, waliokuwa wanatumalizia mchicha? Unakumbuka tulivyomfundisha Mheshimiwa kuwafukuza, na kila akiwatoa mbio hadi barabarani unampigia makofi na kumpa kipande cha ini? Mbwa wako hakusahau somo. Jioni ya kwanza hapa, mdogo wako Yohana alikuwa anarudisha mbuzi, wametulia, wameshiba. Mheshimiwa akawaona wanaingia uani. Akafanya kazi yake. Aliwatawanya kila upande, wengine hadi kwenye mashamba ya mtama ya watu, kisha akaja akakaa mbele yangu na kunitazama, anasubiri ini.

Yohana alipomaliza kuwakusanya hakupiga kelele. Unamjua, akikasirika ndipo anaposema polepole. "Shemeji, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini mbwa anayefukuza mbuzi hapa hatumfugi. Akirudia, nammaliza."

Hakuwa ananitisha. Mbuzi ndio ada ya Neema sasa, ndio chakula mvua zikigoma, na siku hizi wanunuzi wanatoka hadi Dar kuja mnadani, kila mtu anauza kwa bei wanayopatana. Mbuzi akivunjika mguu ni hasara ya nyumba nzima. Nilimwelewa vizuri. Lakini nguo zako tuliwagawia ndugu siku ya matanga, redio akachukua kaka yako, baiskeli ikaenda kwa mjomba. Mbwa hakuna aliyemtaka, akabaki wangu. Nilimwona Yohana anaondoka na rungu lake begani, nikahisi naambiwa nikuzike tena.

Mama yako ndiye aliyemwokoa. Alimkagua Mheshimiwa kutoka puani hadi mkiani, akamwamkia "Mbukwa" kama anavyoamkia wageni wa maana, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia Yohana asubiri kwanza, mbwa hana kosa. Amefundishwa kuwa mbuzi ni adui, basi afundishwe kuwa mbuzi ni ndugu. Asubuhi akachota samadi mbichi iliyolowa mkojo, akampaka mwili mzima. Mimi nilikuwa nimesimama na sabuni ya kunukia, nataka kumwogesha. Mama aliitupia jicho tu, nikairudisha ndani.

Akamfunga kamba kwenye kile chumba cha tembe wanakolala watoto wa mbuzi, pamoja na mbuzi jike mmoja mzee asiye na mzaha. Chakula chake kikawa uji wa mtama wenye maziwa ya mbuzi, na anapewa humo humo. Siku alipojaribu kumbwekea yule mzee, alipigwa kichwa cha mbavu akaangukia kwenye bakuli lake mwenyewe. Ungekuwepo ungecheka hadi ukohoe.

Kilichoniumiza ni sharti moja. Mama alinikataza kumgusa. Nisimwite, nisimkune masikio, nisimletee hata ganda la mkate. "Mwanangu, ukimbembeleza atabaki kuwa wako, na Yohana atamuua," aliniambia. "Mwache awe wa mbuzi." Nikawa napita mlangoni na ndoo yangu ya maji nikitazama pembeni, naye analia kwa ile sauti nyembamba aliyokuwa analia ukichelewa kurudi safari. Jamani, Baba Neema. Nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba nalia na mimi, halafu narudi kupepeta mtama kama vile hakuna kitu.

Baadaye kilio kikapungua. Watoto wa mbuzi wakaanza kulala juu ya mgongo wake. Yohana akaanza kwenda naye malishoni, kwanza kwa kamba, kisha bila kamba, na akirudi anajifanya hana la kusifia. Anamwita "huyo". Anasema hawezi kusimama porini anaita mbwa Mheshimiwa, watu wakamsikia.

Juzi mbuzi walirudi, huyo hayupo. Na mbuzi mmoja mwenye mimba naye hayupo. Yohana alinitazama, akachukua rungu, akasema akimkuta na damu mdomoni nisimlaumu. Nilimfuata vichakani, kanga nimeiuma kwa meno, nimeshaanza kukuomba radhi moyoni.

Tuliwakuta kwenye korongo. Mbuzi alikuwa amezaa, mtoto bado mbichi, anajaribu kusimama anaanguka. Mheshimiwa alikuwa amelala karibu yao, mgongo kwao, uso kwenye kichaka ambako mbweha wawili walikuwa wamekaa wanasubiri. Hakutukimbilia. Alitingisha mkia kidogo, akaendelea kuwatazama mbweha.

Yohana aliwarushia mawe mbweha hao, wakaondoka. Kisha akanipa rungu nimshikie, akambeba mtoto wa mbuzi kifuani. "Shemeji," akasema, "huyu ni wetu."

Tulipofika uani nilisahau masharti yote. Nikamwita kwa jina lake, na mikono nikamnyooshea. Alisimama. Akanitazama, akamtazama yule mbuzi anayeingia zizini na mwanawe, akatingisha mkia, akaingia na mbuzi. Nilidhani nitaumia, Baba Neema. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Mama yako akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu, nimechoka tu kutembea.

Kesho Yohana anakwenda mnadani, na zamu ya kuchunga ni yangu. Nimeazima viatu vya matairi vya mama yako, maana vya ofisini havifiki mbali na miiba hii. Nakuahidi sitamwita tena aje kwangu. Nitakwenda waliko wao, yeye na mbuzi, nitembee nao hadi jioni. Wewe pumzika, mume wangu. Sisi tunaamka mapema.

Mama Neema